Kabali ya Kibirizi

Elia hakuwa na umbo la mlinzi. Alikuwa mwembamba, mabega yameteremka, na koti alilopewa na umoja wa wenye boti wa Kibirizi lilimkaa kama limetundikwa msumarini. Kazi aliipata kwa mgongo wa shemeji yake Leodgar, kaka wa mkewe, mvuvi mwenye boti mbili za injini na sauti ya kumwita mtu aliye upande wa pili wa mwalo.

"Huyu ni mtu wa Simbo," Leodgar aliwaambia wenzake siku ya kumtambulisha. "Amekua akilinda mahindi yasiliwe na nyani. Nyani hawakumshinda, wezi watamshinda?"

Watu wakacheka, Elia akakabidhiwa filimbi na zamu ya mchana.

Mlinzi mwenzake aliitwa Leonardi, mtu wa maneno machache. Alfajiri moja Leonardi alimkuta mtu akifyonza petroli kwenye tangi la boti, akampiga rungu la kichwa, moja tu. Yule mtu hakufa. Alibaki mdomo umepinda na mkono wa kulia unaning'inia kama si wake, na kila jua lilipochomoza mama yake alimleta akae karibu na vichanja vya dagaa apate joto. Alijaribu kuwaamkia wapita njia, salamu ikamwishia mdomoni ikawa mate. Leonardi alistahimili kumtazama kwa majuma machache. Kisha akaaga kwamba anakwenda Ilagala kuwaona ndugu, na hakuonekana tena. Rungu lake likabaki ukutani katika kibanda cha walinzi, na katibu wa umoja akamwambia Elia, "Sasa ni lako."

Elia alilichukua kwa sababu hakujua namna ya kulikataa. Lilikuwa zito kichwani, jembamba mkononi, na pale pa kushikia palikuwa pameng'arishwa na kiganja cha mwenzake. Alipotembea nalo mwaloni aliona linamvuta bega. Jioni alimwambia mkewe Spesiosa, "Siku moja na mimi itanibidi nipige."

"Basi usipige."

"Na yeye akinipiga?"

Spesiosa aliendelea kuchambua mboga.

Mtu aliyemwonyesha njia alikuwa Feliksi, mwenye bucha pale Mwanga, mwanamume mnene aliyekatakata mifupa kama anakata miwa. Masikio ya Feliksi yalikuwa yamevimba na kukunjamana, na Elia, aliyekuwa anasubiri utumbo wa ng'ombe alionunua ufungwe, alishindwa kujizuia.

"Masikio yako yamepatwa na nini, ndugu yangu?"

Feliksi akacheka mpaka shoka likatulia. "Nakabwa! Nakabwa kwa hiari yangu. Njoo Ujiji Jumanne jioni, uulize lilipo ghala la zamani la mawese. Kuna mwalimu pale, anaitwa Calixte. Anafundisha kumshika mtu asifurukute, bila ngumi wala teke."

"Bila kumuumiza?"

"Ukitaka kumuumiza unaweza. Usipotaka, unaweza pia."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyompeleka Elia Ujiji.

Ghala lile lilikuwa bado linanuka mawese, kuta zake zina madoa mekundu yaliyopanda hadi kimo cha mtu. Calixte alikuwa seremala, na sakafu ya kufanyia mazoezi aliitengeneza mwenyewe: magunia ya maranda ya mbao yaliyoshindiliwa, juu yake turubai lililovutwa na kupigiliwa misumari pembeni. Alikuwa mfupi, shingo nene kama kinu, umri umeshavuka hamsini. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi miaka ya sabini, yeye akazaliwa huku, na ujanani alipokwenda Bujumbura kutafuta kazi ya useremala akarudi na ufundi wa aina mbili. Alimtazama Elia kuanzia miguuni, akamuuliza jambo moja tu.

"Umekuja kujifunza kupiga watu?"

"Hapana, Mwalimu. Nimekuja nisipige."

"Ego," alisema Calixte, yaani ndiyo kwa Kirundi, lugha iliyomtoka kila alipofikiri. "Basi lala chini."

Elia akalala chali. Feliksi akaja, akamlalia kifuani kwa ubavu, mkono mmoja chini ya shingo, mwingine chini ya nyonga. Hakumbana. Alimwekea uzito wake tu, kama mtu anayetua gunia. Elia akavuta pumzi, pumzi ikafika nusu ya njia ikagoma. Akasukuma kwa mikono, hakuna kilichosogea. Akarusha miguu. Jasho la Feliksi lenye harufu ya mafuta ya ng'ombe likamdondokea jichoni, na ghafla dari la mabati likaanza kushuka. Alijua dari halishuki. Hata hivyo alikuwa analiona likishuka.

"Piga," ilisema sauti ya Calixte juu yake. "Ukishindwa, mpige mwenzako kiganja mgongoni mara mbili. Atakuachia. Hiyo ndiyo sheria ya humu, haivunjwi na mtu yeyote."

Elia hakutaka kupiga. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, baba wa watoto watatu, na watu kumi walikuwa wanamtazama. Akang'ang'ana mpaka macho yakaanza kuona vimulimuli. Ndipo kiganja chake kikapiga chenyewe. Feliksi akainuka papo hapo, akamvuta mkono, akamkalisha.

"Karibu," alisema Feliksi. "Mimi siku yangu ya kwanza nililia."

Alirudi Alhamisi, na Jumanne iliyofuata. Alijifunza kupumua kwa tumbo pale kifua kinapozuiwa. Alijifunza kugeuka ubavu, kuingiza goti, kutoka chini ya mtu kidogo kidogo kama nyoka anayetoka katika ngozi yake. "Buhoro, buhoro," Calixte alikuwa akiwaambia, polepole, polepole, na sauti yake haikupanda hata walipovunjana pua. Kumbe mwili mwembamba una faida zake: Elia aliweza kupenya mahali ambapo wanene walikwama. Baada ya miezi kadhaa akawa na ufundi wake mwenyewe. Alikuwa akipita nyuma ya mtu, anaing'ang'ania mgongo wake, miguu inamzunguka kiunoni, mkono unapita chini ya kidevu. Vijana wa mjini wanaiita kabali hiyo roba, na wanaijua kwa vibaka. Majirani walipopata habari wakaanza minong'ono kwamba mlinzi wa Kibirizi anakwenda Ujiji kusomea ukabaji. Spesiosa aliwajibu dukani kwamba mumewe angekuwa mkabaji nyumbani kungekuwa na sukari.

Lakini Elia alikuwa na kasoro moja, nayo ilimkera Calixte kuliko zote. Alikuwa na huruma ya haraka. Mtu akiguna tu, yeye anafungua mikono yote miwili. Siku moja alikuwa amemkaba Feliksi vizuri kabisa, Feliksi akakohoa, Elia akaachia. Feliksi akageuka, akamlalia, na ikawa zamu ya Elia kupiga kiganja.

Calixte akawasimamisha. "Alipiga mkono?"

"Hapana, Mwalimu. Alikohoa. Niliona namuumiza."

"Ukiona unamuumiza, legeza. Kulegeza na kuachia ni mambo mawili. Mkono ukilegea, shingo inapumua, lakini miguu iko palepale na kifua kiko palepale mgongoni mwake. Ukimwachia mtu mwenye kisu kwa sababu amekohoa, nani atakuzika?" Akapiga magoti, akamkaba Elia mwenyewe ili aonje. Mkono wa seremala ulikaza, ukalegea, ukakaza, ukalegea, na muda wote huo Elia hakuweza kwenda popote. Ilikuwa kama kushikwa na mti.

Mwaka ule Serikali ilifunga ziwa kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Boti zikavutwa nchi kavu, zikalala mistari mistari chini ya maturubai, na mwalo wa Kibirizi ukawa kimya kama nyumba ya msiba. Vichanja vya dagaa vilikuwa vitupu. Wanaume waliozoea kulala mchana wakawa wanazurura bila usingizi wala kazi, na maneno madogo yalizaa ugomvi mkubwa. Ndipo vifaa vya injini vikaanza kupotea. Leo kamba ya kuwashia, kesho plagi. Siku moja Leodgar alifunua turubai la boti yake kubwa akakuta pangaboi la injini, lile bapa la chuma linalokata maji, limefunguliwa na kubebwa.

Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha walinzi.

"Shemeji, ulikuwa wapi?"

"Zamu haikuwa yangu, shemeji. Lakini nitaangalia."

"Utaangalia!" Leodgar alikuwa amekonda mashavu tangu ziwa lifungwe. Watoto wake walikuwa wanakula mara moja kwa siku, na kila mtu alijua, na yeye alijua kwamba kila mtu anajua. "Ziwa likifunguliwa wenzangu wataingia majini, mimi nitaingia na kafi? Sikia. Nikimkamata huyo mtu hatapelekwa kokote. Nitamchoma hapa hapa, mchana kweupe, na wewe utashika kiberiti."

Wavuvi waliokuwa karibu wakaitikia. Hakuna aliyecheka.

Ikawa Jumapili moja baadaye, muda wa misa. Kibirizi palikuwa pamebaki watu wachache: Elia, aliyekuwa zamu, na Bi Mwanvua, Mwislamu wa makamo aliyekuwa na ghala dogo la dagaa wakavu, ameketi kibarazani akichagua mawe katika mchele. Elia alikuwa amepita safu ya tatu ya boti aliposikia chuma kikigusa chuma. Akasimama. Kimya. Kisha tena, taratibu, sauti ya spana inayozungushwa na mtu asiyetaka isikike.

Rungu alikuwa amelisahau kibandani, au alikuwa ameliacha. Baadaye alipoulizwa hakuweza kusema ni lipi kati ya hayo. Akavua kandambili zake, akatembea mchangani peku, akainamisha kichwa chini ya kamba za turubai.

Mtu alikuwa amepiga magoti nyuma ya injini, mgongo umeelekea kwake. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi mbili tatu kisogoni, shati limechanika begani. Pembeni palikuwa na mfuko wa salfeti wenye kitu kizito ndani.

"Ndugu," alisema Elia, "acha hiyo."

Yule mtu aligeuka na spana kwa mkupuo mmoja. Ilikuwa spana ndefu, na kama ingefika ingempasua Elia paji la uso. Lakini Elia alikwisha kumsogelea kifua kwa kifua. Spana ikampita juu ya bega ikagonga ubao. Akamkumbatia kiunoni, wote wawili wakaanguka mchangani nje ya turubai, wakabiringika, na mchanga ukamwingia Elia machoni na mdomoni. Mtu yule alikuwa na nguvu ya kukata tamaa. Alipiga kiwiko, kikamkuta Elia juu ya jicho. Elia akavumilia, akasubiri. Mtu akajipindua ili ainuke akimbie, akampa Elia mgongo, na miguu ya Elia ikaufuata mgongo huo bila kuambiwa. Ikamzunguka kiunoni, visigino vikaingia mapajani. Mkono wa kulia ukapita chini ya kidevu. Akakaza.

Spana ikaanguka.

Na papo hapo akasikia kiganja kikimpiga mkononi. Mara mbili. Mara mbili tena. Yule mtu hakuwahi kukanyaga ghala la Ujiji. Ni mwili tu unaotafuta pumzi. Hata hivyo, kwa miezi yote ile Elia alikuwa amefundishwa kwamba kiganja hicho ni amri. Mikono yake ikataka kufunguka. Alilazimika kuizuia kama mtu anayezuia mbwa wake mwenyewe. Akalegeza. Shingo ikapata hewa, mtu akakohoa, akavuta pumzi kwa kilio.

"Niachie, kaka. Nakuomba. Nitarudisha vyote."

"Tulia. Sikuumizi. Tulia kwanza."

"Niachie niende zangu."

"Unaitwa nani?"

"Alphonce."

"Tulia, Alphonce. Tutakwenda polisi, mimi na wewe."

Angekwenda naye hivyo, polepole, kama isingekuwa Bi Mwanvua kuona miguu ya watu wawili mchangani na kupiga yowe. Hakuwa na nia mbaya, aliogopa Elia anauawa. Lakini yowe lina mbio kuliko maelezo. Misa ilikuwa imekwisha, watu walikuwa wanateremka kutoka kanisani kwa makundi, na neno lilipowafikia lilikuwa limebaki moja tu: mwizi.

Walikuja na nguo zao za Jumapili. Elia aliona kwanza viatu, viatu vilivyopakwa rangi asubuhi ile, vikikimbia mchangani. Kisha suruali zilizonyooshwa. Kisha mikono inayookota mawe. Jiwe la kwanza lilianguka karibu na kichwa cha Alphonce, la pili likamgonga Elia kwenye goti. Akavuta mwili wa Alphonce, wakageuka pamoja hadi mgongo wa Elia ukaegemea ubavu wa boti, halafu akambiringisha, akamweka chini yake, kifudifudi, akamfunika. Kila kilichofunikwa alikijua kwa jina: kisogo, uti wa mgongo, figo. Kilichobaki nje ni miguu.

"Ondoka, Elia!" mtu alipaza sauti. "Umeshamshika, tuachie sisi!"

"Nimemshika. Iteni polisi."

"Polisi wa nini? Kesho atakuwa nje!"

Hapo ndipo aliposikia jambo ambalo lilimpa baridi kuliko mawe. Vidole vya Alphonce, vilivyokuwa vinamkwangua mkono ili atoke, viligeuka vikamshika. Vikamshika kwa nguvu zote. Na sauti ikatoka mchangani, ndogo, karibu na sikio lake.

"Usiniachie, kaka. Usiniachie."

Duara la watu likajifunga. Elia alinusa petroli. Kijana mmoja aliyevaa shati jeupe la kwaya alikuwa amekuja na dumu, na mwingine alikuwa anaburuta tairi kuukuu la bajaji. Hakuna aliyekuwa mgeni kwake. Huyu ndiye aliyemwazima baiskeli. Yule mke wake alijifungua siku moja na Spesiosa. Aliwaita mmoja mmoja, kwa majina, kwa sauti aliyojitahidi iwe ya chini kama ya mwalimu wake, na baadhi walitazama pembeni, lakini waliokuwa nyuma hawakusikia majina, walisukuma tu.

Leodgar akapasua kundi. Alikuwa ameshika kafi, na tai yake ilikuwa imehamia begani. Alitazama salfeti iliyofunguka. Pangaboi lilikuwa ndani, si lake, la boti ya jirani, lakini yeye hakuwa na nafasi ya kupambanua.

"Shemeji, toka."

"Sitoki, shemeji."

"Nakwambia kwa heshima, mbele ya watu. Toka hapo juu."

"Nikitoka utamuua."

"Ndiyo! Nitamuua! Wewe umepewa kazi ya kulinda mali zetu au kuwalinda wezi? Nani alikuleta hapa? Nani alisema jina lako?"

"Ni wewe, shemeji. Nashukuru. Lakini sitoki."

Leodgar akainua kafi. Elia aliona misuli ya shingo yake ikisimama, akaona macho, na katika macho hayo hapakuwa na mtu anayemfahamu. Akapumua kwa tumbo. Akajivuta juu, akakifunika kichwa cha Alphonce kwa kifua, akaweka mbavu zake mahali ambapo kafi lingeshukia, kwa kuwa hakukuwa na mahali pengine pa kuziweka. Kafi likashuka. Alisikia mlio kabla ya maumivu, mlio mkavu kama wa kuni ya mkaratusi, kisha upande wote wa kushoto ukawaka. Mkono wa kushoto ukafa ganzi. Miguu haikufunguka.

Wengine walipiga pia. Hakujua ni nani na kwa nini.

Kilichotuliza watu kidogo hakikuwa maneno yake. Bi Mwanvua alikuwa amejipenyeza, mtandio umeanguka mabegani, akamfikia kijana mwenye dumu na kulishika mpini. Kijana akavuta, na yeye akavuta. "Lete hapa! Mama yako namjua, leo ametoka kupokea komunyo!" Akamnyang'anya, akaligeuza, akamwaga petroli yote mchangani, mbali na boti, huku akilia kwa hasira na kuwatukana wote bila kuchagua dini. Kisha akalikalia dumu tupu katikati ya duara, mwanamke mmoja mzito aliyekosa pumzi, na mtu aliyetaka kurusha jiwe ilimbidi kwanza afikirie kama litampata yeye.

Walikaa hivyo. Hapakuwa na amani, mawe madogo yaliendelea, na tairi lilibaki pale linangoja. Elia aliendelea kunong'ona sikioni mwa Alphonce, "Pumua, buhoro, pumua," na hakujua kama anamwambia yeye au anajiambia mwenyewe. Leodgar alikuwa amesimama na kafi lililovunjika, analitazama. Polisi, waliopigiwa simu na mmoja wa wapita njia, walipofika kwa pikipiki mbili na kupiga risasi moja hewani, watu walitawanyika, na ikawachukua askari muda kumfungua Elia, kwa sababu misuli yake haikuwa inamsikiliza tena.

Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika. Hospitalini walimfunga, wakamwambia asicheke wala asikohoe. Calixte alikuja kumwona na Feliksi, wakakaa pembeni ya kitanda, Feliksi ameshika kifurushi cha ini. Elia alisubiri mwalimu aseme neno. Calixte aliangalia jinsi bandeji ilivyofungwa, akagusa kingo zake kwa kidole cha fundi, akauliza, "Shingo yake?"

"Nzima."

"Ego," alisema Calixte, akageuza uso dirishani.

Umoja wa wenye boti ulikaa kikao bila yeye, ukamwondoa kazini. Hakuna aliyemletea barua. Katibu alituma mtu kuchukua koti na filimbi. Mwaloni walisema Elia alikuwa na ubia na wezi, la sivyo mtu mwenye akili hapigwi kwa ajili ya mwizi. Spesiosa hakupika chakula cha kaka yake tena. Leodgar alipopita mbele ya nyumba alitazama upande wa ziwa, na watoto, ambao walimpenda mjomba wao, walifundishwa na ukimya wa wakubwa wasimwite. Elia alipata kibarua kwenye karakana ya Calixte, kupiga msasa kwa mkono mmoja. Kila aliposikia watu wakicheka kwa pamoja barabarani, jasho lilimtoka.

Kesi ilipoitwa alikwenda kutoa ushahidi. Alphonce alikuwa kizimbani, amenyolewa, anaonekana mdogo kuliko siku ile. Mkewe alikuwa ameketi nyuma na mtoto mgongoni. Elia aliulizwa aliona nini, akasema yote: salfeti, pangaboi, spana iliyolenga kichwa chake. Hakupunguza neno. Alphonce alimtazama muda wote huo, na macho yake yalikuwa magumu kusoma. Si shukrani wala chuki. Alihukumiwa kifungo. Alipopitishwa mlangoni, Elia alisimama, asijue kwa nini, na mke wa Alphonce akampita bila kumsalimu.

Nje, kwenye benchi la ukumbini, alimkuta Leodgar. Alikuwa peke yake, kofia mikononi. Hakuwa ameitwa na mahakama. Vitu vyake havikupatikana kamwe.

"Shemeji," alisema Leodgar.

"Shemeji."

Watu walipita na mafaili. Leodgar aliizungusha kofia yake, akaizungusha tena.

"Lile kafi nilikuwa nampiga yeye."

"Najua."

"Nililenga kichwa."

"Najua. Niliona."

"Kama ungetoka..." Sauti kubwa ile, iliyozoeleka mwalo mzima, ikakatika. Alijaribu tena. "Mimi ningekuwa mle ndani leo. Au ningekuwa nje, nimekaa na wenzangu, tunakunywa. Sijui lipi ni baya zaidi. Silali, Elia."

Lilikuwa jina lake, bila ushemeji, na hakukumbuka kama Leodgar aliwahi kumwita hivyo. Elia alikuwa na maneno. Alikuwa ameyaandaa tangu hospitali, makali, yaliyopangwa vizuri, na alistahili kuyasema. Mbavu zilikuwa bado zinamchoma kila mvua iliponyesha. Alimtazama huyu mwanamume mkubwa aliyekuwa amekonda, kola ya shati imemzidi shingo, na hasira ikamjaa. Haikuondoka siku ile, wala kwa siku nyingi baadaye.

"Spesiosa hajui kama umekuja," alisema mwishowe.

"Hajui."

"Atakufukuza."

"Anifukuze."

Elia akakaa benchini upande wa pili, mbali kidogo, kwa uangalifu kwa sababu ya ubavu. Kisha wakatoka pamoja kwenda kutafuta bodaboda mbili za kuwapeleka nyumbani.